Kwa nini binti wa mwaka mmoja hulia mara tu keki inapofika mezani?

#1 Mama Kinda
Wadau, salaam. Kuna jambo linajirudia kwenye sherehe za mwaka wa kwanza mpaka limekuwa kama sheria. Binti ameamka vizuri, amevalishwa, anamchekea kila mtu. Taa zinazimwa, keki inaingia na mshumaa unaowaka, watu wanamzunguka, wimbo unaanza. Wimbo haujafika katikati, mdomo wa chini unachomoza, unatetemeka, macho yanamtafuta mama, kisha kilio. Picha ya keki inabaki ya machozi na kamasi.

Dai langu: ni moto. Kila siku anaambiwa "acha, utaungua", halafu leo anasogezewa mwali puani na watu wanapiga makofi. Wanaojua waseme, na waseme cha kufanya. "Atazoea tu" siitaki.

#2 Lenzi Hamsini
Moto unasingiziwa. Kinachomtisha ni giza la ghafla, halafu flashi sita za simu kwa mpigo. Mboni za macho zimeshapanuka kwa giza, kisha anamulikwa. Hata mtu mzima hufumba macho.

Na taa hazina haja ya kuzimwa. Ukitaka mwali uonekane kwenye picha, weka kitu cheusi nyuma ya keki: pazia zito, mlango wa mbao. Meza ikae ubavuni mwa dirisha, si mbele yake, mwanga umpate shavu moja. Kasi ya kamera iwe sekunde 1/250 au zaidi, maana mkono wa mtoto hautulii. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 800 hadi 1600 ndani ya nyumba ni sawa. Kaa chini sakafuni, lenzi iwe usawa wa macho yake. Wengi hupiga wakiwa wamesimama, wanapata utosi na sahani.

Picha za keki zipigwe kabla wageni hawajafika. Dakika 10 zinatosha. Baada ya hapo wimbo ukimliza, albamu imeshapona.

#3 NesiWaZamu
Mama Kinda, angalia vizuri hicho ulichoandika mwenyewe: "watu wanamzunguka". Hofu ya wageni huanza kuonekana karibu na miezi 8, na kwa wengi hupungua wakishapita mwaka na nusu hivi. Miezi 12 ni katikati kabisa ya kipindi hicho. Si tabia mbaya wala kudekezwa. Ni dalili kuwa sasa anatofautisha nyuso zake na nyuso za wengine.

La kufanya:
Aliyemzoea amshike au akae ubavuni mwake, ngozi yake iguse ya mtoto. Mtoto akitazama kulia amwone.
Wageni wakae upande mmoja wa meza, nusu duara, hatua tatu hivi nyuma. Nyuma ya mtoto asiwepo mtu.
Asipitishwe mkono kwa mkono kabla ya keki. Kila anayembeba humpunguzia akiba ya uvumilivu, na keki inafika akiba imekwisha.
Mgeni asianze kwa kumtazama machoni. Akae chini, ashike kitu cha kuchezea, asubiri afuatwe.

#4 Baba Pacha
Nesi yuko sahihi nusu. Nusu nyingine ni usingizi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, za mchana zikiwemo, na wengi wa miezi 12 bado wanalala mara mbili mchana. Akishaamka ana saa tatu, nne akijitahidi, kisha anachoka. Sasa hesabu: sherehe inaanza saa nane mchana, keki inakatwa saa kumi na nusu kwa sababu shangazi yuko njiani. Mtoto ameamka saa saba. Hapo hata ukimletea mwezi kwenye sahani atalia.

Mpango unaofanya kazi: keki iingie dakika 45 hadi 60 baada ya kuamka. Asiamshwe, ratiba ndiyo imfuate. Aamke, abadilishwe nepi, anyonye au anywe maziwa kidogo (nusu ya kawaida, asije akashiba akaikataa keki), akae mikononi mpaka macho yachangamke, ndipo atoke. Sherehe nzima isizidi saa mbili.

#5 Mzee Kobe
Shangazi zetu wamekosa nini jamani? Kila uzi lazima mmoja awe njiani.

#6 Fundi Keki
Shangazi ana makosa yake, na sisi waokaji tuna yetu. Tazameni mkono wa mtoto dakika ile. Mara nyingi kilio kinaanza baada ya mkono kuigusa keki. Imetoka kwenye friji. Krimu ya siagi ikiwa baridi huwa ngumu kama sabuni; ananyoosha vidole akitegemea kitu laini, anakutana na ubaridi mgumu unaoganda vidoleni. Anafungua na kufumba kiganja, hakitoki, analia. Krimu ya siagi itoke kwenye friji saa moja hadi mbili kabla. Krimu ya kupiga inayeyuka, hiyo dakika 20 zinatosha.

La pili, mtengenezeeni keki yake ndogo. Kopo la kuokea la kipenyo cha sentimita 10, lenye kina cha 5:

ndizi iliyoiva mpaka ganda limekuwa na madoa, gramu 100 baada ya kumenya
yai 1
mafuta au siagi iliyoyeyushwa, gramu 40
unga wa ngano gramu 90
beking pauda robo tatu ya kijiko cha chai

Sukari hamna. Ponda ndizi mpaka isiwe na mabonge, changanya na yai na mafuta, kisha unga na beking pauda vilivyochekechwa pamoja. Ukishaona unga umepotea, acha kukoroga. Ukizidisha inakuwa mpira. Mchanganyiko usipite theluthi mbili za kopo. Nyuzijoto 170, dakika 30 hadi 35, kijiti kitoke kikavu. Ipoe kabisa kabla ya kupakwa chochote. Juu paka mtindi mzito uliochujwa kwenye kitambaa usiku kucha.

Rangi kali kama nyekundu, nyeusi au buluu iliyokolea achaneni nazo kwenye keki yake. Zinatia madoa midomoni na kwenye gauni, na kesho yake mtu anafungua nepi anapiga yowe.

#7 Mama Kinda
Asante fundi. Mbona nikioka ndogo hivyo inadidimia katikati? Na je, naweza kuongeza asali kidogo, maana ikiokwa inakuwa salama?

#8 NesiWaZamu
Hapana! Asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza miezi 12, iwe mbichi au imeokwa. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ya Clostridium botulinum, na utumbo wa mtoto mchanga bado hauwezi kuzizuia zisiote na kutoa sumu. Katikati ya keki hakupiti nyuzijoto 100 hivi. Mbegu hizo zinahitaji 121 chini ya mgandamizo ili zife, na hakuna keki inayookwa hivyo. Wengi husherehekea wiki moja mapema ili iangukie mwisho wa wiki, wanasahau kuwa siku hiyo mtoto bado hajatimiza mwaka.

Na kwa kuwa tuko kwenye chakula: zabibu mbichi zikatwe kwa urefu, vipande vinne. Karanga nzima, bisi na peremende ngumu zisiwe hata kwenye meza ya wakubwa kama meza ni fupi. Anayesimama dede hufika mahali ambapo jana hakufika.

#9 Fundi Keki
Kudidimia: mlango wa oveni umefunguliwa kabla ya dakika 20, au beking pauda imezidi. Inavimba haraka, kuta zake bado laini, inaanguka. Kama imepasuka juu na kuchomoza kama kichuguu, oveni ina moto kuliko inavyoandika. Shusha nyuzi 10 hadi 15.

#10 Uzi na Sindano
Mnazungumza keki na wageni, gauni hamlitaji. Chukueni gauni la wavu wa harusi mkalisugue ndani ya kiwiko chenu kwa dakika moja, kisha mrudi hapa. Mtoto amevaa hilo saa nzima, wavu umeshonwa kiunoni bila bitana, mshono unamchoma mbavuni kila akiinama kuikamata keki. Anapokaa kwenye kiti kirefu mkanda unakandamiza mshono huohuo. Ndipo analia, na keki iko mbele yake, basi keki inapewa lawama.

Gauni la mtoto liwe na bitana ya pamba mpaka chini ya kiuno, na mishono ya ndani ifunikwe. Likatwe lebo, lifuliwe mara mbili kabla ya siku yenyewe ili dawa ya kiwandani itoke na wavu ulainike. Lastiki ya mkono ipitishe kidole chako kimoja bila kulazimisha. Kile kitambaa cha maua cha kichwani, ukikivua ukaona alama nyekundu, kilikuwa kinabana. Avalishwe dakika 10 kabla ya picha, avuliwe baada ya keki. Na shanga za kubandikwa kwa gundi hapana. Zinabanduka na kuishia mdomoni.

#11 Mpambaji
Nakubaliana na dada wa sindano, ila hakuna aliyegusa maputo. Puto likipasuka karibu na mtoto, kila kitu kitakachofuata kitamliza, hata wimbo wa kubembeleza. Linapasuka kwa sababu limejazwa kupita kiasi. Lijaze mpaka liwe mviringo, kisha toa hewa kidogo libaki na umbo la yai. Likibaki na umbo la pea, shingo imenyooka na mpira karibu na fundo umekuwa mwangavu, limezidi. Lisiguse balbu wala kukaa juani. Hewa hupanuka kwa joto.

Kwa wenye heliamu: puto la mpira la inchi 11 huelea saa 12 hadi 20 tu, kwa hiyo kujaza usiku uliotangulia ni kulikuta sakafuni asubuhi. Na hapo sakafuni ndipo hatari ilipo. Kipande cha puto lililopasuka kikimezwa hufunika koo kama utando, hakitoki kwa urahisi. Marekani onyo la kwenye pakiti linataja watoto walio chini ya miaka 8. Kila likipasuka, okota vipande vyote, hesabu mpaka fundo.

#12 Mkereketwa
Mimi nadhani ni sukari. Wanalambishwa peremende toka asubuhi, damu inachemka, wanaruka, wanaanguka, wanalia.

#13 Mwl. Chekechea
Mkuu, hilo limejaribiwa. Mwaka 1994 watafiti Hoover na Milich waliwachukua wavulana wa miaka 5 hadi 7 na mama zao. Watoto wote walipewa kitamu kisicho na sukari, ila baadhi ya mama wakaambiwa ni sukari nyingi. Hao walioambiwa ndio waliowaona watoto wao wamechachamaa. Mwaka uliofuata Wolraich na wenzake wakakusanya majaribio yaliyokuwepo, hawakukuta sukari ikibadilisha tabia ya watoto. Kinachowachachamaza ni sherehe yenyewe.

Sukari ya kuongezwa bado isipewe walio chini ya miaka 2, lakini sababu ni meno na kuzoea utamu. Hasira haimo.

#14 Mkereketwa
Miaka 5 hadi 7, tena wavulana. Uzi unahusu binti wa mwaka mmoja. Hujanifunga goli bado.

#15 Mwl. Chekechea
Hapo umepata nusu goli. Lakini wewe uliyeleta dai ndiye mwenye kazi ya kulithibitisha.

#16 Dada wa Tatu
Samahani kuwatoa kwenye reli. Kwenye ule ubao wa mwaka mmoja, ambapo huandikwa uzito, meno, maneno na "ninatembea", tuandike nini kwa asiyetembea? Na nimesikia asiyetambaa kabisa ana kasoro.

#17 NesiWaZamu
Andikeni anachofanya. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha vipimo vilivyokusanywa Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Kusimama bila kushikwa: miezi 6.9 hadi 16.9. Kutembea peke yake: miezi 8.2 hadi 17.6. Wa miezi 12 asiyetembea yuko ndani kabisa. Kutambaa kwa mikono na magoti ni 5.2 hadi 13.5, na takriban asilimia 4.3 ya watoto hao hawakutambaa hivyo kabisa. Waliburuza makalio, au walipitiliza wakasimama. Kwa hiyo hilo la kasoro lifute.

Wa kupelekwa kuonwa ni asiyetembea miezi 18, na yeyote aliyekuwa anafanya jambo kisha akaliacha, umri wowote ule.

Kwa waliozaliwa kabla ya wakati: keki hufuata tarehe ya kuzaliwa, ubao hufuata umri uliorekebishwa, yaani unaohesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyezaliwa wiki ya 32 ya mimba amewahi wiki 8, basi siku ya mwaka wake mpimeni kama wa miezi 10. Fanyeni hivyo mpaka miaka 2.

#18 Baba Pacha
Nyongeza kwa ubao: uzito wa mwaka mmoja huwa karibu mara tatu ya wa kuzaliwa, na urefu huongezeka kama nusu. Andikeni vyote viwili sambamba, cha kuzaliwa na cha leo. Na chaki ya kawaida huteleza kwenye ubao mpya. Sugua ubao wote kwa ubavu wa chaki kwanza, futa kwa kitambaa kikavu, ndipo uandike.

#19 Mzee Kobe
Na aliyezaliwa tarehe 29 Februari 2024 atalia lini, 28 Februari au 1 Machi? Maana keki yake yenye tarehe halisi ni 2028.

#20 Mpambaji
Mzee, huyo hulia siku zote mbili.

#21 Lenzi Hamsini
Turudi kwenye mshumaa. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kuuzima. Wengi huweza kupuliza kwa kulenga kati ya miaka 2 na 3. Kwa hiyo anashikiliwa kichwa kielekee kwenye moto huku wakubwa watatu wakipuliza juu ya masikio yake. Mama Kinda, labda dai lako lihamie hapo. Anayekaribia miaka 2 afundishwe kwa povu la sabuni, kisha unyoya juu ya meza, wiki mbili kabla.

#22 Fundi Keki
Na hao watatu wanatema mate. Paul Dawson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Clemson walipima mwaka 2017: kupuliza mishumaa kuliongeza bakteria juu ya krimu kwa asilimia 1,400. Kwa watu wenye afya si jambo la kutisha, lakini mwenye mafua asipulize. Chomeka mshumaa kwenye kikeki cha pembeni, kipulizwe hicho, kubwa ibaki safi.

Mishumaa ya kuimba: ndani ina betri bapa ya kitufe. Ikimezwa huanza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, asitapishwe. Na vile vijiti vinavyotoa cheche hupita nyuzijoto 1,000, visimame mbali na mtoto na keki yake.

#23 Mwl. Chekechea
Kwa wenye mabinti wa miaka 3 hadi 5, kilio kina chanzo kingine. Woolley na Rhoads wa Chuo Kikuu cha Texas walichapisha mwaka 2017 kuwa baadhi ya watoto wa umri huo huona sherehe ndiyo inayoongeza umri. Hakuna sherehe, hujatimiza. Sherehe mbili, umepanda miaka miwili. Basi ukiahirisha kwa wiki moja ukamwambia "leo una miaka minne", atakukatalia kwa machozi, naye kwa hesabu zake yuko sahihi. Asubuhi ya tarehe yenyewe mpimeni urefu ukutani, mwekeeni alama na tarehe, mwambieni umri umeingia. Sherehe ije lini itakavyokuja.

Wa mwaka mmoja huyo wasiwasi hana, na siku yenyewe hataikumbuka. Kumbukumbu za kwanza ambazo wakubwa hubaki nazo huwa za miaka 3 na kuendelea kwa wengi. Sherehe ni ya wazazi, na mkilikubali hilo mtaifupisha bila kinyongo.

#24 Mama Kinda
Nashukuru wote. Mpaka sasa nina giza, wageni, usingizi, krimu baridi, gauni, puto, sukari inayobishaniwa na mate. Moto wangu bado sijauachia.

#25 Baba Pacha
Upime basi. Siku tatu mfululizo kabla, wakati uleule wa kuamka, muimbieni wimbo polepole, watu wawili, kikeki bila mshumaa. Siku ya nne ongezeni mshumaa, taa zikiwaka, urefu wa mkono mmoja na nusu kutoka alipo. Akikunja mdomo siku ya nne tu, moto umeshinda.

#26 NesiWaZamu
Kipimo kizuri, ila wageni hamna humo. Siku yenyewe akilia utasema moto au wageni?

#27 Uzi na Sindano
Na afanyiwe akiwa amevaa nini?

#28 Dada wa Tatu
Mbona kuna wanaokaa kimya wimbo mzima, moto wanautazama kwa furaha, halafu wanaangua kilio ukishazimwa? Hao mnawaweka wapi?

#29 Lenzi Hamsini
Kitu pekee kilichokuwa kinang'aa kimeondoka, na makofi ya watu 20 yamepigwa hapohapo. Makofi ndiyo.

#30 Fundi Keki
Makofi wapi. Tazameni kinachofuata: keki inanyanyuliwa inapelekwa jikoni kukatwa.